Picha za Kutu Ndizo Zilizouza Datsun

Ukiendesha gari la zamani Dar es Salaam utaulizwa maswali matatu, na mara nyingi kwa mpangilio uleule. "Bosi, unauza?" Halafu, "Unataka shilingi ngapi?" La tatu haliulizwi na kila mtu. Hilo ni la yule aliyewahi kulala chali chini ya gari. Anazunguka, anagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mlio, ndipo anauliza kwa upole: "Humu ndani puti imekula kiasi gani?"

Nimeuza Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoifufua kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, hapa Dar, na tangu tangazo lilipotoka hadi tulipoandikishiana kwa wakili, biashara nzima ilizunguka kwenye hilo swali la tatu, la puti, yaani ule ujiuji mgumu unaozibia matundu ya kutu kabla ya rangi. Wengi tunaopenda haya magari tunahangaika na rangi, rimu na redio. Hela, kwa nilivyoiona mimi, imelala mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki, na kazi ya muuzaji ni kumfikisha.

Kwa ambao hawaijui: 240Z ilitambulishwa Japani mwaka 1969, kwao ikiitwa Fairlady Z. Viti viwili, boneti ndefu, paa linaloteremka taratibu mpaka mkiani, injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi. Huku kwetu jina lake lilitoka kwenye matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari Rally, na mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye kwa jumla, ukihesabu na hiyo, aliondoka na Safari mara tano. Katikati yao, mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alikuja na Ford Escort akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwanyang'anya wenyeji kombe. Enzi hizo mbio zilikuwa za Pasaka na zilikatiza nchi zetu zote tatu. Usambara na Mbulu zilikuwemo kwenye ramani za madereva wa Ulaya, na mtu aliyekuwa mtoto wa shule wakati huo hatakusimulia nani alikuwa wa kwanza. Atakusimulia vumbi, na gari lililotumbukia mtaroni wakalisukuma kijiji kizima.

Sasa gari lenye sifa hizo liliishiaje uani Upanga, chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva? Hapo unaisoma historia ya nchi zaidi ya historia ya gari. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha, na familia nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi zikaanza kuondoka. Magari ya starehe yakabaki kwa jamaa, kwa majirani, kwa yeyote aliyekuwa na nafasi uani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na spea zilizokuwa zikishuka kutoka Nairobi zikakatika. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakawa ya shida, ikafika mahali gari binafsi haliruhusiwi kutembea Jumapili mchana bila kibali. Gari la kabureta mbili, la watu wawili, lisiloweza kubeba hata gunia la mkaa, lilikuwa na kazi gani mjini?

Mama mwenye nyumba aliliita "hilo dude la kaka yangu".

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au umekuja kuangalia? Wa kuangalia wamekuwa wengi."

Mimi kazi yangu ni wakala wa forodha, kwa hiyo naamini karatasi kabla ya chuma. Nikaomba kadi ya gari kwanza. Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa miaka mingi mpaka mikunjo imetoboka, na pamoja nayo hati ya usimamizi wa mirathi ya huyo kaka yake, ina muhuri wa mahakama. Pale pale nikajua tutaelewana. Magari mengi ya zamani mjini hapa hayakuuawa na kutu. Yameuawa na kadi yenye jina la marehemu ambaye warithi wake hawasalimiani. Unaweza kulipaka gari lile rangi ya dhahabu, hakuna mtu mwenye akili atakayekupa hela yake.

Namba ya chasisi kwenye gari hili imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Nilifuta tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka ikajitokeza: HS30, kisha tarakimu zake. Herufi hizo zina habari. S30 tupu ni gari la soko la Japani. HLS30 ni la usukani wa kushoto, na hayo ndiyo yaliyojaa Marekani. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, kwa nchi zinazoendesha upande wetu, nayo yalikuwa machache zaidi. Hapo moyo ukanidunda. Nikashuka kwa macho hadi ubavuni mwa bloku ya injini, mahali pa namba yake, nikitafuta L24, injini ya kiwandani ya gari hili, iliyoandikwa kwenye kadi. Nikakuta L28.

"Ya kwanza ilipasuka," mama alisema, bila kuona kuna kesi yoyote. "Wakaweka ya Patrol iliyopinduka Chalinze."

Kwa fundi hiyo ni habari njema. Datsun ni jina la biashara la Nissan, na L24 na L28 ni za ukoo mmoja. Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980 zilikuja na L28, cc 2,753, na inakaa palepale bila kukata chuma. Tena ina nguvu zaidi. Kwa mkusanyaji wa magari hiyo ni habari ya msiba, maana kwake gari na injini vikitenganishwa havirudishiki. Nililinunua nikijua nitakuja kuulizwa.

Tukalipeleka Gerezani juu ya kibeba magari. Gereji yenyewe haina kibao, ni ile tunayoita gereji bubu: turubai, mti wa mkungu, mitungi ya gesi, na mafundi wanaokujua kwa gari lako badala ya jina lako. Fundi wangu wa bodi ni mtu wa makamo, haongei sana. Siku ya kwanza alizunguka gari akiwa na nyundo ndogo, anagonga, anaweka alama ya chaki. Alipomaliza, chaki ilikuwa nyingi kuliko rangi.

Hewa ya Dar ina chumvi, hilo halina mjadala. Muulize mwenye geti la chuma Msasani. Lakini 240Z haihitaji hata bahari, inajulikana dunia nzima kwa kuoza sehemu zilezile. Chini ya betri, asidi inapodondokea. Sakafu mbili, ya dereva na ya abiria, pamoja na reli zinazopita chini yake. Ile mifuko iliyojificha nyuma ya matairi ya mbele, tope likiingia halitoki. Ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, maji ya mvua yanaposimama. Sisi tulizikuta zote, na juu yake tukakuta kazi ya mikono ya watu. Tabaka la kwanza puti. Chini ya puti, faiba. Chini ya faiba, kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichopigwa riveti, maandishi yakisomeka vizuri kabisa. Na kwenye kizingiti cha mlango wa kushoto, jamani, zege. Zege la kujengea nyumba. Fundi alilichimbua kwa tindo, akalitazama, akasema neno moja, "Lilichanganywa vizuri," akaendelea na kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga picha kwa utaratibu. Kila sehemu iliyofunguliwa niliiwekea futi ya kupimia pembeni ili ukubwa wa tundu uonekane, na gazeti la Mwananchi la siku hiyo ili tarehe isibishaniwe. Picha ya kutu, picha ya chuma kilichosafishwa, picha ya bati jipya kabla halijapakwa praima, picha baada ya praima. Vijana wa gereji walinicheka: "Mzee anapiga pasipoti za kutu." Walivyozoea, wakawa wananiita wenyewe kabla ya kufunika kitu.

Sakafu nimeziona kwenye maduka ya mtandaoni, zinakuja zimeshapigwa umbo, Marekani na Uingereza. Ukijumlisha bei, meli, na ushuru ambao naujua kwa moyo kwa sababu ndio mkate wangu, bati la sakafu linakuwa na bei ya kitanda cha mninga. Fundi wangu alichukua mninga wenyewe. Alinunua ubao mnene Keko kwa mafundi samani, akachora juu yake mifereji ya sakafu ya zamani, ile mistari iliyobonyea inayoifanya sakafu isicheze, akaichonga kwa patasi kwa kina kilekile. Kisha akalaza bati la geji 18 juu ya ubao na kulibana kwa vibanio pembe zote. Akaanza kuligonga kwa chuma butu, taratibu, akienda na mfereji kutoka mwisho hadi mwisho, anarudi, anashuka kidogo zaidi, anarudi tena. Ukiharakisha, bati linajikunja pembeni. Ukipiga sehemu moja mno, linapasuka. Alifanya hivyo mchana kutwa na redio ikitangaza mpira, na jioni alipolinyanyua, mifereji ilikuwa imetoka safi. Ukiiweka juu ya ile ya kiwandani inaingia. Kuchomelea hakukubali fimbo za umeme za kawaida, kwa bati jembamba zinatoboa; tulikodi mashine ya waya kutoka gereji ya jirani, akawa anatia nukta moja hapa, nyingine kule, chuma kisipate joto la kujipinda.

Watu wanaodharau mafundi wa Gerezani wanawapima kwa kazi walizolipwa kuziharakisha. Mwenye gari anasema "nifanyie fasta nina safari kesho", anapigiwa puti, mwaka ukiisha anaenda kulalamika. Mpe fundi yuleyule muda na bati zuri, halafu uje na sumaku yako: inashika bati, haishiki puti.

Spea zilijigawa zenyewe. Kitu chochote chenye namba ya kimataifa kilipatikana Kariakoo. Beringi haijui imefungwa kwenye gari gani. Ina namba ubavuni, ukiisoma vizuri unarudi nayo mkononi kabla ya adhuhuri. Vivyo hivyo mkanda wa feni, plagi, raba za silinda za breki ukipima kipenyo. Mambo ya L28 ndiyo kabisa, Patrol zilikuwa nyingi nchi hii na kuna watu wana gasketi zake kwenye maboksi yenye vumbi la enzi hizo. Kilichobidi kiagizwe ni vitu vya umbo: raba za milango, vioo vya taa za nyuma, vile vijinembo. Nilivichanganya kwenye kontena za wateja kidogo kidogo, kwa utaratibu, kila kimoja na ankara yake. Ankara nazo zikaingia kwenye faili.

Kuhusu kabureta sina budi kusimama kidogo, kwa sababu karibu tuharibikiwe na ushauri. Kila mtu gereji alikuwa na neno: toa hizo, weka moja ya Hiace, toa, weka mfumo wa kompyuta. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ilala, fundi wa zamani. Alikuja kwa bajaji na mfuko mdogo wa kitambaa. Hakuwasha injini. Alifungua vifuniko, akachomoa pistoni za kabureta, akazisafisha, akajaza mafuta kwenye vile visima vya juu, akaziachia moja moja akisikiliza zinavyoshuka. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kupandisha na kushusha mafuta. Akazifunga zote mpaka mwisho, akafungua mizunguko miwili na nusu. Ndipo akasema, "Washa." Akatoa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akasikiliza. Akahamia ya nyuma.

"Hii inavuta," akasema. "Hii inadoea."

Akageuza skrubu robo, akasikiliza tena, robo nyingine, mpaka mvumo wa hewa ukalingana pande zote mbili. Nilijaribu ule mpira mwenyewe na nilichosikia ni upepo tu. Valvu alizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, na tulipochomoa plagi baada ya kulitembeza mpaka Bunju na kurudi, zote sita zilikuwa za rangi ya kahawia, dalili kwamba injini inachoma vizuri.

Asubuhi ya Jumapili Barabara ya Bagamoyo, hapo gari lilikuwa raha. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni ikawa habari nyingine. Kwenye 240Z bomba la mafuta linapita karibu na joto la manifoldi, mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini, na ukisimama muda mrefu kwenye jua la Dar petroli inachemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Gari linakohoa, linazima, halafu linakataa kuwaka mpaka lipoe, na wewe uko katikati ya daladala zote za Tegeta. Mzee wa Ilala alikuja na dawa ya zamani, vibanio vya nguo vya mbao vimebanwa kwenye bomba ili vinyonye joto. Imani hiyo ipo hadi Marekani, sijui nani alimfundisha nani. Tulichofanya ni kukata ngao ya alumini kati ya manifoldi na kabureta, kulivika bomba kitambaa cha kuzuia joto, na fundi umeme akafunga pampu ya umeme karibu na tangi ili mafuta yafike yakisukumwa badala ya kuvutwa. Tangu hapo foleni ni kero ya kawaida tu. Vibanio nimeviacha, mzee angeuliza.

Rangi tulingoja kipupwe, unyevu ukipungua. Gari lilikuja kwangu jeupe lenye michirizi myekundu, lakini tulipotoa dashibodi tukakuta rangi ya chungwa haijaguswa, ile ya kiwandani namba 918. Fundi rangi alimwaga maji sakafuni kulaza vumbi, akafunga turubai, akatufukuza wote. Sina zaidi la kusema hapo, lilitoka vizuri.

Kuuza sasa.

Dalali wa kwanza alilizunguka, akapiga picha na yeye mwenyewe akiwemo, akasema, "Bosi, hii tunaisukuma milioni mia saba. Wewe nipe bei yako, mimi nakula cha juu." Aliitoa wapi hiyo bei? Mtandaoni, kama kila mtu. Januari 2020 kuna 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani Marekani dola 310,000, na habari hiyo imefika kila kijiwe chenye simu. Wasichosimulia ni kwamba gari lile lilikuwa limetembea takriban maili 21,000 tu maisha yake yote, na lilikuwa karibu lote la kiwandani. Kulilinganisha na la kwangu, lenye sakafu za Gerezani na injini ya Chalinze, ni kujidanganya. Dalali wa pili alikuwa upande wa pili kabisa: "Mkweche ni mkweche, mzee. Milioni sita, hela hii hapa." Kijana mmoja akataka tubadilishane na Crown Athlete, anaongeza kidogo. Mwingine alilitaka la kukodisha kwa harusi. Nikamuuliza, viti viwili, dereva atakaa wapi? "Bwana harusi ataendesha mwenyewe." Nilikaribia kumpa kwa ubunifu tu.

Wengi waliniambia nipeleke Nairobi, kule wanaelewa, wana hata maonyesho makubwa ya magari ya aina hii pale uwanja wa farasi wa Ngong. Ni kweli wanaelewa. Lakini Kenya ina sheria yake ya kutoruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na mimi niliye forodhani siwezi kumuuzia mtu kitu halafu nimwambie "mambo ya mpakani utajua mwenyewe". Nikaamua kuuza hapa nchini, kwa mtu wa hapa.

Tangazo niliandika hivi: "Datsun 240Z, 1972, HS30. Injini si yake ya kwanza, ni L28 ya Patrol. Sakafu na vizingiti vipya, vimetengenezwa Gerezani. Rangi ni namba yake ya kiwandani, lakini imepigwa upya. Kadi safi. Picha za kutu zote zipo, njoo uzione." Yule dalali wa kwanza alinipigia simu amekasirika. "Bosi, unajichongea! Nani anatangaza kutu?"

Alikuja mkulima wa kahawa kutoka Arusha, na mkewe. Begani mfuko, na ndani ya mfuko sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze, kioo kidogo cha mkono na tochi. Salamu zilikwenda haraka, chai akaikataa kwanza. Akapitisha sumaku kizingiti chote, ikashika mwanzo mwisho. Akapitisha chini ya taa, nyuma ya matairi, ikashika. Alipofika ukingo wa tairi la nyuma kushoto sumaku ikalegea kidogo. Akaniangalia.

"Hapo kuna puti," nikamwambia. "Milimita moja na kitu. Picha iko kwenye faili, ukurasa wenye gazeti la mechi ya Simba na Yanga."

Ndipo akakubali chai. Alikaa na lile faili mpaka chai ikapoa. Alipekua kila picha, akawa anasoma na vichwa vya habari vya magazeti, anacheka, anamwonyesha mkewe: "Unaona, siku hii ndiyo ile mvua kubwa." Aliuliza kuhusu zege, nikamwonyesha picha ya zege. Aliuliza kuhusu mashine ya kuchomelea, nikampigia fundi wakaongea wenyewe. Mkewe aliuliza jambo moja tu, na lilikuwa la maana kuliko yote: "Shemeji, hili likizima Mombo usiku, nani analijua?" Nikamtajia: fundi yeyote aliyewahi kufungua Patrol ya petroli. Nilimwona anatulia. Ile injini isiyo yake, iliyonishushia bei kwa mume, ilinipandishia kwa mke.

Bei sitaitaja, mnunuzi aliniomba. Niseme tu ilirudisha gari, bati, spea na mafundi, na haikurudisha jioni zangu. Anayeingia kwenye kazi hii kwa hesabu ya faida afuge kuku. Jamaa alipunguza kwa ajili ya injini, kama ilivyotarajiwa, ila kwenye bodi hakupunguza hata shilingi, na ni kwenye bodi ambapo wanunuzi hupunguza bila huruma kwa sababu hawajui kilichomo. Alitoa kishika uchumba siku ileile. Kwa wakili tuliandika namba ya chasisi, namba ya L28, na orodha ya picha ikawa kiambatisho, kila ukurasa una sahihi zetu mbili. Mabadiliko ya injini nilikuwa nimeshayaingiza kwenye usajili TRA, mamlaka ya mapato, kabla sijatangaza, kwa hiyo kuhamisha umiliki kulikwenda kwa TIN zetu, namba za mlipakodi, na vitambulisho, hakuna aliyeitwa pembeni kuelezwa kuwa "kuna kitatizo".

Alilipeleka Arusha akiendesha mwenyewe, usiku akapumzika Korogwe. Kero aliyonipa ni ya kofia ya tangi inayotoa harufu ya petroli kwenye kona. Nikamtumia raba yake kwa basi.

Tangazo nililisahau mtandaoni. Juzi kapiga mtu wa Tanga, kalisoma, anasema kama shida ni injini yeye ana bloku ya L24, imekaa miaka chini ya stendi ya tangi la maji nyumbani kwa baba yake. Nikamwomba aifute, anisomee namba. Si ya gari letu, wala sikutegemea. Nikamtumia mnunuzi ujumbe nikidhani atacheka. Kanipigia papo hapo: bloku hiyo ina kofia za beringi kuu au ni ganda tupu, na kati ya malori ya machungwa ya Muheza yapo yanayopanda Arusha? Nimempa namba ya mtu wa Tanga na ya dereva mmoja wa Muheza. Bei ya bloku wanabishana wenyewe.